Kombe la Afrika la Wanawake: mpira unatufundisha nini juu ya amani?



Mwezi wa saba wa mwaka 2025, timu ya taifa ya wanawake ya Kongo ilikuwa Morocco kwa Kombe la Afrika. Ilipoteza michezo yake yote mitatu: 4-0 mbele ya Senegali, 4-2 mbele ya Morocco na 1-0 mbele ya Zambia. Ikarudi nyumbani mapema. Katika majuma hayo hayo, familia nyingi za Kivu na Ituri zilikuwa mbali na vijiji vyao. Mapigano yalikuwa yamefika Goma mwezi wa kwanza wa mwaka huo, na Bukavu mwezi wa pili.

Mtu anaweza kuuliza: wakati watu wanatafuta maji, unga na turubai, kuna faida gani kuzungumza juu ya mpira wa wasichana? Swali hilo ni la haki. Makala hii inaeleza mashindano hayo ni nini, yalianza namna gani, na mambo gani yaliyotokea humo yanaweza kuwasaidia wazazi, vijana na viongozi wanaoishi pamoja na watu wasiowafahamu, katika eneo ambalo si lao.

Mashindano haya ni nini?

Ni mashindano ya timu za taifa za wanawake za nchi za Afrika. Yanasimamiwa na Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, ambalo makao yake makuu yako Cairo, Misri. Mshindi wa kwanza alipatikana mwaka 1991. Wakati huo hapakuwa na nchi mwenyeji. Timu mbili zilicheza nyumbani kwa kila mmoja, mabao yakajumlishwa. Nijeria iliishinda Kameruni. Mwaka 1995 Nijeria ilishinda tena, safari hiyo mbele ya Afrika Kusini.

Mwaka 1998 timu nane zilikutana kwa mara ya kwanza katika nchi moja, Nijeria. Tangu hapo mashindano yamekuwa yakifanyika karibu kila baada ya miaka miwili. Yale ya mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Yale yaliyopangwa kuchezwa 2024 yaliahirishwa, yakachezwa mwezi wa saba 2025.

Kuanzia 1998 hadi 2025 ni nchi tatu tu zilizobeba kombe hilo. Nijeria imelibeba mara kumi, Guinea ya Ikweta mara mbili (2008 na 2012), na Afrika Kusini mara moja (2022). Lakini idadi ya nchi zinazofika imeongezeka. Katika majirani zetu, Uganda ilifika mwaka 2000 na 2022, Tanzania mwaka 2010 na katika yale ya 2025, Kenya mwaka 2016, na Burundi mwaka 2022.

Yanachezwa namna gani?

Kwanza kuna michezo ya kufuzu. Timu mbili zinakutana mara mbili, mmoja nyumbani na mmoja ugenini. Yenye mabao mengi kwa jumla inaendelea.

Katika mashindano ya 2022 na yale ya 2025 zilifika timu 12. Ziligawanywa katika makundi matatu ya timu nne nne. Kila timu ilicheza michezo mitatu. Kushinda ni pointi tatu, sare ni pointi moja, kushindwa hakuna kitu. Timu mbili za kwanza katika kila kundi ziliendelea, pamoja na timu mbili zilizo bora kati ya zile zilizoshika nafasi ya tatu. Hivyo zikapatikana timu nane za robo fainali. Kuanzia hapo, anayeshindwa hawezi tena kubeba kombe.

Mpango huu una jambo moja zuri: timu inayoanguka siku ya kwanza haijafukuzwa. Mwaka 2022 Nijeria ilishindwa 2-1 na Afrika Kusini katika mchezo wake wa kwanza. Haikukata tamaa. Ilifika nusu fainali, na kwa hiyo ikapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 2023. Timu nne za Afrika zilizofika nusu fainali ya 2022, yaani Afrika Kusini, Morocco, Nijeria na Zambia, zote zilikwenda Kombe la Dunia, na tatu kati yao zikavuka hatua ya makundi huko.

Mwaka 1998: nchi imegawanyika, timu ni moja

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 1998 kwa sababu nyingine. Tarehe 2 mwezi wa nane vita vipya vilianza mashariki mwa Kongo. Muda mfupi baadaye nchi ilikuwa imekatwa vipande. Barabara zilifungwa, ndugu hawakuweza kutembeleana, barua hazikufika.

Katika mwezi wa kumi wa mwaka huo huo, timu ya wanawake ya Kongo ilicheza Kombe la Afrika huko Nijeria. Ilitoka katika kundi lake, ikafika nusu fainali, ikashindwa na Ghana. Kisha ikacheza na Kameruni kugombea nafasi ya tatu. Mchezo ulikwisha kwa sare, na Kongo ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Nafasi ya tatu katika Afrika! Timu mbili za kwanza, Nijeria na Ghana, zilipata tiketi ya Kombe la Dunia la 1999. Kongo ilibaki nje kwa nafasi moja tu.

Hatusemi kwamba ushindi huo ulisimamisha vita. Haukusimamisha. Vita viliendelea kwa miaka. Lakini ni ukweli pia kwamba katika miezi ile ambapo kila mtu aliulizwa «wewe ni wa upande gani?», kulikuwa na wasichana waliovaa rangi za nchi nzima na kucheza kwa jina la wote. Jambo hilo ni dogo, lakini lilikuwepo, na linafaa kukumbukwa.

Baada ya hapo Kongo ilifika tena mwaka 2006 na 2012, halafu ikakaa muda mrefu bila kufuzu hadi yale yaliyochezwa 2025. Katikati ya kungojea huko, habari njema ilitoka Lubumbashi. Mwezi wa kumi na moja 2024, timu ya wanawake ya TP Mazembe ilishinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake kwa kuishinda AS FAR ya Morocco 1-0, huko huko Morocco. Mwalimu wao alikuwa mwanamke wa Morocco, Lamia Boumehdi, ambaye mwaka huo alichaguliwa na CAF kuwa mwalimu bora wa timu za wanawake. Mgeni kutoka nchi ya mbali alikuja kuwafundisha mabinti wa Kongo, nao wakaishinda timu ya nchi yake.  Katika mpira, mtu anaweza kutoka upande mmoja na kutumikia upande mwingine kwa uaminifu, na watu wakamheshimu.

Fainali mbili, mafundisho mawili

Watu husema kwamba mpira unaleta amani. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mpira unaweza pia kuleta ugomvi. Tuangalie fainali mbili.

*Ya kwanza ni ya mwaka 2000.* Ilichezwa Vosloorus, Afrika Kusini, kati ya wenyeji na Nijeria. Nijeria ilipofunga bao la pili, watazamaji wengi waliamini kwamba mfungaji alikuwa ameotea na kwamba refa amewaonea. Wakaanza kutupa vitu kiwanjani. Mchezo ukasimamishwa, na haukumalizika. Nijeria ikapewa kombe. Wachezaji wa Afrika Kusini hawakupata hata nafasi ya kujaribu kurudisha mabao. Hasira ya watazamaji iliwaumiza kwanza watoto wao wenyewe.

*Ya pili ni ya tarehe 26 mwezi wa saba 2025.* Ilichezwa Rabat, Morocco, kati ya wenyeji na Nijeria. Kufikia mapumziko Morocco ilikuwa inaongoza 2-0. Uwanja ulikuwa umejaa watu waliongojea kombe lao la kwanza. Katika kipindi cha pili Nijeria ilirudisha mabao yote mawili. Kisha refa akawapa Morocco penalti. Akaitwa kuangalia picha za video, akaona kwamba haikuwa halali, akaiondoa. Fikirini uchungu wa watu wale! Dakika ya 88 Nijeria ikafunga bao la tatu. Mchezo ukaendelea hadi firimbi ya mwisho, na kombe likakabidhiwa kwa wageni katika uwanja wa wenyeji.

Tofauti iko wapi? Uchungu ulikuwa ule ule. Katika fainali ya 2025, refa alikuwa na njia ya kukagua uamuzi wake mbele ya watu wote. Mtu anayeona kwamba uamuzi umechunguzwa anaweza kuukubali hata kama unamwumiza. Asiyeona chochote anabaki na shaka, na shaka inazaa mawe.

Viongozi wa kambi na wa vijiji wanalijua jambo hili vizuri. Ugawaji wa chakula ukifanyika mlango umefungwa, hata kama ni wa haki, watu watasema wameibiwa. Orodha ikibandikwa mahali pa wazi na malalamiko yakisikilizwa siku ile ile, minong'ono inapungua.

Kudai haki bila kupigana

Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2016, Nijeria iliishinda Kameruni 1-0 huko Yaoundé na kubeba kombe. Wachezaji walirudi nyumbani kama mashujaa, lakini fedha walizoahidiwa hazikulipwa. Walifanya nini? Hawakuvunja kitu wala kumpiga mtu. Walikataa kutoka katika hoteli yao Abuja, kisha wakatembea kwa miguu hadi bungeni wakiwa wameshika mabango. Nchi nzima ikawaona, na baadaye fedha zikatolewa.

Tunaweza kuona mambo matatu katika mfano huu. Walidai kitu kimoja kinachoeleweka. Walibaki pamoja, hakuna aliyejitenga kwenda kupatana peke yake kwa siri. Na walipeleka dai lao kwa wale wenye uwezo wa kulijibu. Njia hiyo inafaa pia kwa kikundi cha akina mama wanaodai choo chenye mlango au taa karibu na bomba la maji.

Zawadi zenyewe zimepanda. Bingwa wa mwaka 2022 alipewa dola 500,000, na bingwa wa mashindano yaliyochezwa 2025 akapewa dola milioni moja. Kazi ya wasichana hawa imeanza kupewa thamani, ingawa bado ni chini ya ile ya wanaume.

Maswali ambayo wazazi huuliza

*«Mpira wa miguu si kazi ya wanaume?»* Wanawake wa Afrika wanagombea kombe lao tangu 1991. Katika nusu fainali ya mwaka 2022 kati ya Morocco na Nijeria, watu zaidi ya 45,000 walikuja uwanjani kuwatazama. Na kuna baba ambao wanajivunia. Ghizlane Chebbak, nahodha wa Morocco aliyefunga mabao mengi kuliko wote katika mashindano ya 2025, ni binti wa Larbi Chebbak, mmoja wa wachezaji wa Morocco waliobeba Kombe la Afrika la wanaume mwaka 1976. Baba aliushinda ubingwa kwanza, na binti akaja kufuata nyayo zake.

*«Mavazi yatamwaibisha binti yangu.»* Sheria za mpira haziwalazimishi wasichana kuonyesha miili yao. Tangu 2014 FIFA imeruhusu kufunika kichwa wakati wa mchezo. Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na hijabu. Msichana anaweza kuvaa suruali ndefu ya kubana chini ya kaptula. Wazazi wazungumze na mwalimu, wapatane.

*«Akienda kucheza, nani atachota maji na kutafuta kuni?»* Hili ndilo swali zito kuliko yote, kwa sababu kazi hizo zipo kila siku. Jibu halitoki kwa msichana peke yake. Saa ya mazoezi ipangwe na akina mama, si na wanaume wa kamati peke yao. Na kaka yake naye ana mikono miwili. Siku mbili kwa juma, yeye anaweza kubeba bidoni.

*«Nani atamlinda?»* Mzazi anayeuliza hivyo ana haki ya kupewa jibu kamili kabla ya kumruhusu binti. Tunalieleza hapa chini.

Kama mnataka kuandaa mashindano katika eneo lenu

Hamhitaji uwanja wa majani. Mnahitaji mahali tambarare, mpira mmoja, mawe manne ya kuonyesha magoli, na mapatano mazuri. Haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Changanyeni timu. Msifanye timu ya wakimbizi dhidi ya timu ya wenyeji, wala kabila moja dhidi ya jingine. Mkifanya hivyo, kila bao litakuwa tusi. Katika kila timu wawepo wasichana wa kambi na wasichana wa kijiji. Msichana akipewa pasi nzuri na mwenzake, hamwulizi ametoka wapi.

2. Anzeni na mkutano wa wazazi. Waiteni wazazi wa pande zote, wakubwa wa eneo, wachungaji na mashehe. Elezeni saa, mahali na watu watakaosimamia. Mkiwaruka, watakuja baadaye kama wapinzani.

3. Angalieni usalama. Michezo imalizike mapema, ili wasichana wafike nyumbani kabla ya giza. Waende na kurudi kwa kikundi. Ulizeni wanaoijua ardhi kama mahali hapo palikuwa na mapigano, kwa maana mabomu yasiyolipuka huua hata baada ya miaka. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse, awaite wakubwa.

4. Mwekeni mwanamke karibu. Kila timu iwe na mama au dada mkubwa anayeaminika. Mwalimu mwanaume asibaki peke yake na msichana, wala asimpeleke nyumbani kwake. Nafasi katika timu hainunuliwi kwa kitu chochote. Wasichana waambiwe mapema wamwendee nani kama mtu anawasumbua, na atakayesikia habari hiyo asiifiche ili kulinda jina la mashindano.

5. Mwenye silaha asikaribie kiwanja. Msipokee jezi, fedha wala zawadi kutoka kwa kikundi cha wapiganaji au mtu anayetafuta kura. Siku atakapotaka malipo, atawataka watoto wenu.

6. Mchagueni refa pamoja. Awe mtu anayekubaliwa na pande zote, au wawili, mmoja wa kila upande, wakipokezana. Undeni kamati ya watu watatu au watano ya kusikiliza malalamiko mara baada ya mchezo. Kumbukeni Vosloorus.

7. Zawadi iwe ndogo na ya wote. Sabuni, daftari au mpira kwa kila timu hutosha. Fedha nyingi huleta wivu.

8. Wafikirieni wote. Msichana mwenye mtoto mchanga, mwenye ulemavu au asiyependa kukimbia anaweza kuwa mwandishi wa mabao, mtunza saa au msaidizi wa refa. Wekeni maji ya kunywa, na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo.

Mpira usibebeshwe mzigo usio wake

Kombe la Afrika halikuwarudisha watu katika mashamba yao. Mchezo wa jioni katika kambi hautamaliza ugomvi wa ardhi, hautamrudisha aliyeuawa, wala hautachukua nafasi ya haki. Anayesema «wamecheza pamoja, basi yamekwisha» anawadanganya watu. Maneno mazito yanahitaji kikao, ushahidi na muda.

Lakini kabla ya kikao lazima watu waweze kuonana bila kukimbiana. Mama wa kambi na mama wa kijiji ambao mabinti zao wako katika timu moja wataketi kwenye ubao mmoja, watapiga kelele kwa bao moja, na kesho watasalimiana kwenye bomba la maji. Siku maneno mabaya yatakapoanza kuzunguka, wao watakuwa na mtu wa kumwuliza, «Je, habari hii ni kweli?» Katika maeneo yetu, swali hilo likiulizwa kwa wakati linaweza kuokoa nyumba nyingi.

Wasichana wa Kongo walitoka Morocco mwaka 2025 bila pointi hata moja. Mbele ya Morocco, waliokuwa kwao na mbele ya watu wao, walifunga mabao mawili kabla ya kushindwa. Katika mpira, anayeshindwa leo anapewa tarehe ya mchezo mwingine. Tuwafundishe watoto wetu kushindwa namna hiyo, na kushinda bila kumdharau aliye chini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika eneo lenu, wasichana wana saa ngapi kwa juma za kupumzika na kucheza? Wavulana je? Kwa nini kuna tofauti?
- Je, mmewahi kuona mchezo uliomalizika kwa ugomvi? Ulianzaje? Nani angeweza kuuzuia, na kwa njia gani?
- Ni uamuzi gani wa viongozi wenu ambao watu hawaukubali kwa sababu hawaoni namna ulivyofanywa? Mnaweza kuuweka wazi namna gani?
- Wachezaji wa Nijeria mwaka 2016 walidai haki yao bila kupigana. Ninyi mna dai gani la pamoja? Ni nani mwenye uwezo wa kulijibu?
- Kama mngeandaa mchezo mmoja wa wasichana mwezi ujao, nani mngemwita kwanza, na nani mnaogopa kumwita? Kwa nini?